Feni Juu ya Chungu cha Mzee Makokha

Ninyi mnaobeba ngazi siku hizi, nawaona. Napita Tuwan, pale Kitale, nawakuta mnatundika feni kwenye baraza ya kinyozi, mmoja wenu amebana simu kati ya sikio na bega huku mkono mmoja unakaza nati. Nasimama ng'ambo ya barabara, natazama. Mnadhani ni mtu asiye na shughuli. Ni kweli, sina. Lakini chini ya hiyo feni sipiti mpaka wiki iishe.

Nina miaka arobaini na saba. Niliacha ngazi baada ya bega langu la kulia kukataa kupanda juu ya sikio. Daktari alilipa tatizo hilo jina refu, mimi naliita feni, kwa sababu ni kuinua feni juu ya kichwa ndiko kulikolimaliza. Tangu hapo sikai mahali pamoja. Wiki hii niko kwa dada yangu kule Bokoli, wiki ijayo Kitale, halafu nashuka Bungoma mjini kuona kama duka fulani bado lipo. Ninapozunguka hivyo, natembelea kazi zangu za zamani. Nyingine zimeng'olewa. Nyingine bado zinazunguka, na sijui nifurahi au niogope. Hata hotelini, kabla sijavuta kiti, nainua macho juu. Watu wanafikiri naombea chakula.

Nataka niwaambie habari za feni za nje, zile za baraza na vibanda visivyo na kuta, kwa sababu ndizo mnazokosea sana na ndizo nilizokosea mimi.

Aliyenifundisha ni Mzee Hamisi, fundi wa stima aliyeishi karibu na msikiti pale Bungoma. Yeye aliziita pangaboi, sio feni, na hakuwahi kuisifu hata moja. Nilipomletea ya kwanza niliyonunua mwenyewe, nikaanza kumsomea maandishi ya kwenye boksi.

"Boksi haizunguki," akanikatiza. "Fungua nione kinachozunguka."

Mfukoni mwa shati aliweka sumaku ndogo aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Aliigusisha kwenye skrubu moja moja. Ikinasa kwa nguvu, alisema hicho ni chuma cha kawaida, na kikikaa barazani misimu miwili kitaoza. Kisha alikwaruza ukingo wa panga la feni kwa ukucha. Mbao za unga, zile zinazogandishwa kwa gundi na kupakwa sura ya mti wa maana, humenyeka kama chapati. Mwisho aliangalia mota kwa juu. "Ukiona waya wa shaba kupitia hayo matundu," alisema, "basi ukungu nao umeuona."

Nilimsikiliza, nikasahau. Mara yangu ya kwanza kufanya kazi bila yeye, mama mmoja wa hoteli pale Tuwan alitaka feni kwenye baraza ya nyama. Hapo kwanza nilishuku. Kitale watu wanavaa sweta saa sita mchana, nani anataka upepo? Kumbe feni ilikuwa ya nzi. Nikamchagulia moja ya sebuleni, ya kahawia, mapanga yanang'aa kama kabati la bibi harusi. Mvua za masika zikaanza. Sikuwa nimepita huko mwezi na nusu niliposikia ananiita kutoka ndani ya moshi.

"Wee fundi! Kuja hapa. Uliniletea feni ama mwavuli?"

Mapanga yote yalikuwa yameinama kama majani ya mgomba wakati wa ukame. Yalikuwa yamefyonza unyevu, yakavimba, yakalegea. Mama yule aliapa kwamba nilibadilisha feni yake nzuri na kumwekea nyingine usiku. Mpaka leo nikipita pale anaficha vijiko.

Basi nikawa mtu wa kushuku. Nilishuku boksi, duka, mbao, misumari, hata mteja anayesema "hapa mvua haifiki." Muulize mvua ya wapi. Feni zinazoitwa za nje ziko aina mbili. Moja inavumilia unyevu wa hewani tu, hiyo ni ya baraza yenye paa pana na ukuta nyuma yake. Nyingine inavumilia maji yenyewe, na hiyo ndiyo ya mahali ambapo mvua inaingia kwa upande. Msikubali neno moja "nje" likawafunika macho. Na msitazame boksi, tazameni kibandiko kilicho kwenye mota.

Sasa nije kwa Mzee Makokha, kwa sababu feni yake ndiyo ya mwisho niliyotundika.

Nafula, binti yake, anafanya kazi ya ofisi ya serikali Kitale. Alinipigia wakati wa kiangazi, bega langu likiwa tayari linalalamika, akaniomba twende dukani pamoja. Njiani akanieleza. Baba yake, kule Kabuchai, kifua chake kilikuwa kibovu na hakutaka kukaa ndani ya nyumba. Tangu mama yao afariki, alishinda kwenye kibanda cha mabati uani, akitazama miwa. Mchana mabati yaliwaka, pumzi ikamwishia.

"Na kuna hao wazee wake," Nafula alisema. "Mzee Barasa na Mzee Simiyu. Walitahiriwa mwaka mmoja, rika moja. Wamebaki hao tu. Wakichoka na joto na nzi, wakiacha kuja, Baba atakaa peke yake. Fundi, akikaa peke yake hamalizi mwaka."

Nilisikia. Lakini niliona pia kwamba hakutaja busaa, pombe ya nafaka, na mimi najua wazee wa rika moja wakikaa kibandani alasiri hawanywi soda.

Mwenye duka alituletea boksi kubwa.

"Hii ni ya nje kabisa, fundi. Si unaona picha? Hata kuna bahari."

"Fungua."

"Nikifungua si itakuwa mtumba?"

"Basi baki na bahari yako."

Akafungua. Kibandiko cha mota kilisema itumike ndani ya nyumba. Ndani ya boksi la nje kulikuwa na feni ya ndani, na mwenye duka akaitazama kwa mshangao kiasi kwamba nikamshuku zaidi.

"Wewe unashuku kila mtu," Nafula aliniambia.

"Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni kutundika."

Duka la tatu ndipo tulipata. Ilikuwa ya kijivu kama ndoo, haina urembo wowote. Mapanga ya plastiki ngumu, mota iliyofungwa kabisa, raba kwenye kila tundu, skrubu ambazo sumaku ya Mzee Hamisi ilizipita bila kusalimia. Kibandiko kilisema inavumilia maji. Nafula akaguna kwamba ni mbaya. Nikamwambia nzuri nilishaweka Tuwan.

Kabuchai nilimkuta Mzee Makokha kwenye kiti chake, blanketi magotini, amekaa mwisho wa kibanda. Katikati ya sakafu ya udongo palikuwa na shimo dogo lililochimbwa kwa ajili ya kushikilia chungu, na chungu chenyewe kilikuwamo, kikubwa, kimefunikwa. Vigoda vilikizunguka.

"Wewe ndiye umetumwa?" akaniuliza kabla sijatua ngazi.

"Nimetumwa na Nafula, Mzee. Nimeleta feni."

"Ya nini?"

"Ya upepo. Mpumzike na wazee wenzako."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, huyo msichana ameokoka. Mwaka jana alisimama hapo ulipo akasema busaa itaniua. Leo ananunulia busaa feni? Umewahi kuona mtu ameokoka ananunulia pombe feni?"

Nikafungua boksi. Ukweli ni kwamba sikuwahi.

"Anataka kutufukuza," akasema. "Upepo utapoza chungu, nani anakunywa busaa baridi? Barasa ataenda kwake, Simiyu ataenda kwake. Ameshindwa na maneno, sasa analeta mashine."

Nilianza kazi na maneno hayo kichwani, na lazima nikiri yaliniingia. Nilianza kumshuku Nafula. Lakini kazi niliifanya kama inavyotakiwa. Niligonga kila mlingoti kwa mpini wa nyundo. Mti mzima hulia kifupi, uliotafunwa na mchwa hulia kama ngoma. Mlingoti wa upande wa kiti cha Mzee ulilia kama ngoma, kwa hivyo nikasema feni itakaa katikati, kwenye boriti nzima. Nikatoboa boriti, nikapitisha bolti yenye ndoano upande hadi upande, kwa sababu skrubu ya kuingia tu kwenye mti itazungushwa na mtetemo mpaka itoke. Nikaning'inia mwenyewe kwenye ndoano, miguu hewani, nikahesabu mpaka hamsini. Nikaongeza waya wa pili wa chuma wa kushikilia mota, hata bolti ikikatika. Nyaya nikazipitisha ndani ya paipu, swichi nikaifunika mfuniko wa mvua.

Nikauliza nani mrefu kuliko wote.

"Barasa," Mzee Makokha akasema. "Huyo akisimama anaona Webuye."

Mzee Barasa alifika alasiri, mrefu kweli, kofia ya sufi kichwani. Nikamsimamisha chini ya feni, nikamwambia anyooshe mkono. Kati ya vidole vyake na panga palibaki nafasi ya kutosha na ziada. Nilifurahi. Mafundi wengi hupima kichwa, mimi nilipima mkono.

Jambo moja zaidi. Juu ya ile boriti palikuwa na mafungu ya mirija ya kunywea, ile inayoitwa lusekhe, mirefu kupita mtu, imefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Ilinizuia kufikia mahali pa kutoboa. Nikaifungua, nikaibeba mikononi, nikaifunga boriti ya pili. Ilikuwa myepesi kama nyasi. Kumbukeni hapo.

Nikawasha, feni ikazunguka bila kutikisika. Mzee Makokha akanyanyuka kwenye kiti, akaenda taratibu hadi kwenye swichi, akaizima.

"Imeonekana," akasema. "Asante. Nenda salama."

Siku tatu baadaye Nafula akanipigia. Sauti ilikuwa ya kuvunjika.

"Fundi, feni imemuumiza Mzee Barasa. Karibu jicho. Baba hataki kuongea na mimi."

Njia yote ya kurudi Kabuchai nilikuwa nashuku. Nilimshuku mwenye duka, labda alibadilisha mapanga nilipogeuka. Nilishuku bolti. Nilishuku stima ya pale, inayopanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Na ndiyo, nilimshuku Nafula, ingawa alikuwa Kitale na sijui ningesema alifanya nini.

Mzee Makokha alikuwa na Mzee Simiyu peke yake. Kigoda cha tatu kilikuwa kitupu.

"Umeamini sasa?" akaniuliza. "Siku mbili niliikataza. Ya tatu jua likazidi, Barasa mwenyewe akasema tuijaribu, si tunakufa. Akawasha. Tukanywa vizuri. Halafu nikasikia paa! Barasa ameshika uso, damu. Ameenda kwake na kitambaa, amesema hapa hakanyagi tena. Huyo msichana alitaka kuwatoa. Ametoa mmoja."

Nikazima stima, nikapanda. Bolti imekaza. Ndoano iko sawa. Waya wa pili uko sawa. Panga moja lilikuwa na alama nyeupe ukingoni, limegongwa na kitu. Nikashuka nikiwa karibu kufurahi, Mungu anisamehe. Kazi yangu haikuwa na kosa.

"Mzee," nikasema, "kaeni kama mlivyokaa siku hiyo. Mnywe kama mlivyokunywa. Feni imezimwa."

Mama Jesca, jirani anayewapikia busaa, alifunua chungu. Wazee wawili wakakaa, mirija ikaingia. Mimi nilizaliwa nyumba ya kanisa. Vibanda vya busaa nimevipita maisha yangu yote, lakini sijawahi kukaa. Nilikuwa nikiona wazee wameinama, kila mmoja na mrija wake mdomoni, basi. Nilifikiri hayo ndiyo yote.

Baada ya dakika chache Mama Jesca akaja na birika la maji ya moto, maana busaa ya chunguni huongezwa maji ya moto ikianza kupoa.

"Inueni," akasema.

Nao wakainua. Hata hawakumtazama. Kila mmoja alichomoa mrija wake kutoka chunguni, akausimamisha wima juu ya goti kama mlinzi aliyeshika mkuki, wakaendelea na mazungumzo yao huku yeye anamimina. Ncha za mirija zilipita katikati ya mapanga ya feni iliyosimama. Zilipita na kuendelea juu, kama vile feni haipo.

Nilikaa chini, pale pale kwenye udongo.

Nilikuwa nimepima mtu. Sikupima mtu na anachoshika. Mrija wa Barasa, mrefu kuliko yote, ulipandishwa feni ikiwa inakimbia, panga likaukata, na kipande kikarudi usoni kwake. Nilishuku duka, mbao, mchwa, stima na mtoto wa watu, na ile mirija niliishika kwa mikono yangu miwili nikaihamisha ili nipate nafasi ya kutundika. Kwa hivyo nawaambia, kabla hamjatoboa popote, msiulize watu wanakaaje. Kaeni nao siku nzima mwone. Kanisani kuna bendera. Kwa mwenye duka kuna ule mti wa kushushia bidhaa. Barazani kuna mama anayekung'uta blanketi.

"Mzee," nikamwambia Makokha, "si Nafula. Ni mimi."

"Unamtetea."

"Simtetei. Hiyo mirija niliihamisha mwenyewe. Sikuuliza inafanya nini."

 Mzee Simiyu, ambaye sikuwa nimesikia sauti yake tangu nifike, akasema, "Huyu ni wa kanisa. Angejuaje?"

"Hebu nipigie huyo msichana," Makokha akasema.

Nikapiga, nikampa simu. Akaishika mbali na sikio.

"Nafula. Fundi anasema ni yeye." Akaisogeza karibu kidogo.  "Umekula?" akauliza. Sijui alijibiwa nini. Aliendelea kusema "haya" mara nyingi, moja baada ya nyingine, halafu akanirudishia simu ikiwa bado inaongea.

Chungu hakingehama, shimo lake ni la tangu enzi za baba yake. Feni ndiyo ingehama. Nilitafuta mlingoti mpya mahali pa ule wa mchwa, nikaweka boriti fupi mwisho wa kibanda, feni ikakaa juu ya kiti cha mchana cha Mzee, mbali na vigoda. Upepo ungefika chunguni kwa upande, wa kufukuza nzi tu, usiopoza kitu. Panga lililogongwa nikalibadilisha pia. Bega lilinitoa machozi. Kesho yake alasiri nikaenda kwa Mzee Barasa.

Alikuwa mlangoni, plasta juu ya nyusi.

"Umekuja kumalizia jicho la pili?"

"Nimekuja kukuomba msamaha, Mzee. Feni nimeihamisha. Njoo uone."

"Nione nikiwa hapa hapa."

"Mzee Makokha anakungoja."

"Ana Simiyu."

"Amesema hanywi mpaka ufike."

Mzee Barasa akageuza jicho lile zima. "Makokha? Amekataa kunywa?"

"Tangu asubuhi."

"Basi huyo ni mgonjwa," akasema, akachukua kofia. "Twende haraka."

Hakukaa alipofika. Alizunguka kibanda akiwa nje, akitazama feni kama ng'ombe anayeuzwa na mtu asiyemjua. Aligonga mlingoti mpya kwa fimbo. Kisha akafungua fungu la mirija, akachagua mmoja mpya, mrefu kuliko ule uliokatwa, akanipa.

"Kaa kigoda changu."

Nikakaa. Ndicho kilichokuwa karibu zaidi na feni.

"Inua. Mkono wa kulia, kama mtu."

Nikausimamisha mrija juu ya goti. Bega likaanza kuimba.

"Washa, Makokha," akasema.

Mzee Makokha, aliyekuwa akiishuku siku zote hizo, aliwasha kwa mkono wake. Feni ikaanza taratibu, ikakolea. Ncha ya mrija ilitikisika kidogo kwa upepo.

"Ulaze kule inakozunguka. Zaidi. Zaidi bana, usiogope kazi yako."

Nikaulaza mpaka mwisho wa mkono. Bado palikuwa na nafasi ya mtu kupita. Mzee Barasa alisogea, akaipima nafasi hiyo kwa fimbo, akapima tena. Mzee Simiyu akasema inatosha. Barasa akasema yeye ndiye mwenye macho ya kupoteza.

Hatimaye akavuta kigoda kingine, akakaa kati ya wenzake wawili, akaingiza mrija wake chunguni. Makokha naye akaingiza. Wakainama wote watatu.

"Nishushe mrija sasa, Mzee?" nikauliza.

Barasa hakuinua kichwa. "Ngoja," akasema. "Mama Jesca bado anachemsha maji."